Wali wa nazi umekukataa? Dalili, chanzo na tiba

Wali wa nazi ukiharibika, kosa huwa limetendeka dakika ishirini au thelathini kabla hujafunua sufuria. Ndiyo maana kumwagia maji baridi dakika za mwisho, au kuongeza moto kwa hasira, hakuokoi kitu. Inabidi urudi nyuma: dalili uliyoiona kwenye sahani ilianzia hatua gani?

Kabla ya dalili zenyewe, lishike neno moja ambalo karibu kila tatizo la hapa chini linarudi kwake: tui si maji. Tui ni maji yenye mafuta, protini na sukari kidogo ya nazi ndani yake. Mchele hunywa maji peke yake. Mafuta hubaki nje yakiipaka punje, na ile protini na sukari hutuama chini ya sufuria, mahali penye moto mkali kuliko pote. Kwa hiyo anayepima vikombe vitano vya tui zito akidhani amepima vikombe vitano vya maji, ameuacha mchele na kiu na wakati huohuo ameweka cha kuungua chini yake. Wapishi wa pwani walilijua hili zamani, wakatenganisha tui jepesi na tui zito: jepesi hupika, zito humalizia. Asiyefuata mpangilio huo atapata wali mzuri siku moja na mbaya siku tatu, bila kujua sababu.

Vipimo vya kuanzia

Kikombe kinachotajwa humu ni cha robo lita. Nusu kilo ya mchele ni vikombe viwili na nusu hivi. Kwa kiasi hicho tafuta nazi moja kubwa iliyokomaa, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na sufuria nzito ya lita tatu yenye mfuniko unaokaa sawasawa.

Nazi iliyokunwa itie kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, ifikiche kwa mkono dakika mbili au tatu, kamua na uchuje: hilo ni tui zito, liweke kando. Rudia mara mbili kwa maji mengine, ukitumia vikombe vitatu na nusu kwa jumla: hilo ni tui jepesi. Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele uliooshwa, koroga mara moja tu usishike chini. Uache uchemke kwa moto wa wastani, mfuniko ukiwa umeegeshwa, mpaka maji yashuke usawa wa mchele. Hapo ndipo unapomimina tui zito, unageuza mara moja taratibu kutoka chini kwenda juu, unafunika kabisa na kupunguza moto. Kwenye seredani, toa makaa mengi chini na upalie juu ya mfuniko. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Jumla hapo ni vikombe vinne na nusu. Mchele wa zamani unaweza kudai hadi vitano. Mchele mpya mara nyingi hutosheka na vitatu na nusu au vinne.

Punje zina kiini

Chukua punje moja, iweke kwenye kisahani na uikandamize kwa kidole gumba. Wali ulioiva husambaa wote sawa. Wenye kiini huacha kidoa cheupe katikati, kigumu kama chembe ya mchanga. Pima punje tatu: ya juu, ya katikati na ya pembeni. Kama ni ya juu tu yenye kiini, tatizo ni mvuke. Kama zote zina kiini, maji yalikuwa machache tangu mwanzo.

Chanzo cha kwanza cha maji machache ndicho kile kile: tui zito limetiwa lote mwanzoni na kuhesabiwa kama maji. Tui la kopo na la pakiti ndilo linaloponza wengi, kwa sababu ni zito kuliko linavyoonekana. Kopo la mililita 400 linatosha nusu kilo ya mchele, lakini ligawe: robo tatu ya kopo ichanganye na vikombe vitatu na robo vya maji iwe tui la kupikia, robo iliyobaki itie mwishoni.

Chanzo cha pili ni moto mkali. Maji yanakauka kabla mchele haujapata muda wa kuyanywa. Cha tatu ni mfuniko uliopinda: ukiona mvuke unafoka upande mmoja, maji yako yanaondokea hapo. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, likiwekwa juu ya wali kabla ya mfuniko, huziba vizuri kuliko kitambaa. Karatasi ya kuokea pia inafaa.

Chanzo cha nne husahauliwa na waliohama pwani. Mtu amepika wali wake Tanga miaka kumi bila shida, akihamia Nairobi au Njombe unakuwa na kiini. Hajasahau kupika. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu: usawa wa bahari ni nyuzi 100, Nairobi ni kama nyuzi 94. Yanatokota vilevile, lakini hayana moto uleule. Huko juu ongeza robo hadi nusu kikombe cha maji, na dakika tano hadi kumi za kufunika.

Tiba ya wali ambao tayari una kiini: nyunyiza vijiko vinne au vitano vya chakula vya maji yanayochemka, yasambae juu yote. Usikoroge. Toboa mashimo manne matano kwa mpini wa mwiko hadi chini ili mvuke upande, funika kwa jani au karatasi, moto mdogo, dakika kumi. Maji yawe ya moto, kwa sababu ya baridi hushusha joto la sufuria nzima, na punje za nje zinabaki kulowa zikisubiri za ndani.

Umekuwa bokoboko

Hapa lawama nyingi ni za mchele mpya. Mchele uliotoka shambani karibuni bado una unyevu, unahitaji maji machache na hushikana upesi. Baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, mchele wa Kyela au Morogoro unaoletwa sokoni hautaki kipimo ulichokuwa unatumia mwezi Februari. Muulize muuzaji: mpya au wa zamani? Akisita, nunua robo kilo kwanza upike kwa maji kidogo.

Chanzo kingine ni chenga. Punje zilizovunjika hunywa maji haraka na kutoa wanga unaogandisha nzima. Pepeta kwa ungo, chagua, kisha osha mchele kwa maji matatu au manne mpaka yasiwe meupe kama maziwa. Ukiuloweka nusu saa, kumbuka kwamba umeshakunywa: punguza nusu kikombe kwenye tui jepesi.

Kipimo cha kidole kinastahili kusemwa kwa kirefu, maana kimefundishwa nyumba nyingi na kimeharibu sufuria nyingi. Pingili moja ya kidole juu ya mchele ni kama sentimita mbili na nusu. Kwenye sufuria yenye upana wa sentimita 20, kina hicho ni karibu robo tatu ya lita. Kwenye sufuria ya sentimita 28 ni lita moja na nusu. Kidole ni kilekile, mchele ni uleule, maji yamezidi maradufu. Kidole hufaa kwa mtu anayepika kiasi kilekile kwenye sufuria ileile kila siku. Ukibadilisha chombo au idadi ya walaji, pima kwa kikombe.

Na mwiko. Baada ya ile mara moja ya mwanzo na ile ya kutia tui zito, mwiko hauna kazi. Kila unapokoroga unazivunja punje na kutoa wanga.

Tiba ni nusu tu. Kama umelowa lakini punje bado zinaonekana, ondoa mfuniko, acha kwenye moto mdogo sana dakika tano, kisha umwage kwenye sinia pana na uutandaze mvuke utoke. Kama punje zimeshayeyuka, haurudi. Ufanye mseto: chemsha choroko mpaka zilainike, changanya humo, ponda kwa mwiko, ongeza tui kidogo na chumvi. Ukiwekewa mchuzi wa papa au samaki mkavu hakuna atakayeuliza wali ulikwenda wapi.

Chini umeungua, juu mbichi

Sikiliza sufuria. Wakati maji bado yapo, utasikia mtokoto mzito. Yakishuka usawa wa mchele, juu panatokea vishimo vidogo vidogo na mvuke unapumulia humo, povu jeupe la tui likijaa na kupasuka kwenye midomo yake. Muda mfupi baadaye sauti inageuka kuwa nyembamba na kavu, kama kitu kinachokaangwa. Hiyo sauti ndiyo mpaka. Vishimo vikionekana, tui zito liingie na moto ushuke. Ukisubiri mpaka usikie kukaanga, chini kumeanza kushika.

Ukoko wa rangi ya dhahabu ni jambo jema, wako wanaougombania. Ukoko mweusi ni jambo jingine, kwa sababu moshi wake hupanda na kuingia wali wote. Vyanzo vyake ni vinne: sufuria nyembamba, moto uliozidi upana wa kitako cha sufuria, tui zito la mapema, na chicha, yaani makapi ya nazi iliyokamuliwa, iliyopenya kwenye chujio. Hilo la mwisho watu hawalishuku. Chembe za chicha huzama, hulala chini na kuungua kabla ya kitu kingine chochote. Chuja kwa kifumbu, au kwa chujio lililotandikwa kitambaa safi, hata kama tui linaonekana safi.

Jiko la gesi halina makaa ya kupalia, kwa hiyo joto lote hutoka chini. Weka kikaango kizee cha chuma au bati nene juu ya jiko, kisha sufuria juu yake, wakati wa dakika zile za kufunika. Moto unasambaa badala ya kuchoma sehemu moja. Mwenye oveni anaweza kuingiza sufuria yote humo kwa nyuzi 160, dakika 20, mradi vishikio visiwe vya plastiki.

Jiko la umeme la kupikia wali lina tabia yake. Hujizima joto la kitako likivuka kidogo nyuzi 100, yaani linapodhani maji yamekwisha. Tui zito likigandia chini, kitako huwa cha moto kabla ya wakati na jiko linajizima wali ukiwa na kiini. Pikia tui jepesi, subiri lijizime, mimina tui zito juu bila kukoroga, funika dakika kumi kwenye joto la kuhifadhi.

Harufu ya kuungua ikianza, iondoe sufuria motoni papo hapo na uikalishe juu ya kitambaa kilicholowa au kwenye beseni lenye maji kidogo ya baridi. Usikwangue. Chota wa juu kwa upawa, uhamishie sufuria nyingine, acha vidole viwili vya chini. Kama wa juu bado una kiini, malizia kwenye sufuria hiyo mpya kwa maji ya moto kama ilivyoelezwa.

Tui limekatika

Mafuta yanaelea juu, chini kuna maji yenye chembe nyeupe. Kwenye wali si tatizo, mchele utaumeza mchanganyiko huo na mafuta yatazipaka punje. Tatizo ni kwenye maharage, mchicha wa nazi au mchuzi wa samaki.

Tui hukatika kwa mambo mawili: kutokota sana bila kuchezeshwa, na uchachu. Ndimu, ukwaju na nyanya zisizoiva vizuri huigandisha protini inayoshikilia mafuta na maji pamoja. Kwa hiyo kaanga nyanya mpaka zirojeke na mafuta yaonekane pembeni kabla ya kutia tui, na ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Tui zito likiingia, simama hapo hapo: chota kwa upawa, inua, mimina, tena na tena, mpaka liinuke na kuanza kutokota kidogo. Basi, dakika mbili tatu zaidi na uepue. Lililokatika kidogo hurudi ukiliepua na kuchanganya upawa mmoja wa tui bichi kwa kulimimina hivyo hivyo. Lililokatika sana halirudi, ila linalika bila madhara.

Hausikiki nazi

Kagua nazi kabla ya kuilaumu mikono yako. Koroma, nazi ambayo haijakomaa, ina nyama laini na mafuta machache, tui lake ni jeupe lakini halina uzito. Nazi iliyokomaa ina kifuu cha kahawia iliyokolea, na ukiitikisa maji yanacheza ndani. Isiyo na maji kabisa ama imepasuka ama inaelekea kuwa mbata, yaani nazi iliyokauka.

Kisha kagua maji ya kukamulia. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa ya mafuta ya nazi ni maji Tanga na ni jiwe jeupe Arusha asubuhi ya Julai. Ukikamua nazi kwa maji ya baridi, mafuta yanabaki kwenye chicha nawe unaitupa. Maji yawe ya moto ambao mkono unavumilia, na nazi iliyotoka kwenye friji iache kwanza ipoteze ubaridi. Onja chicha baada ya mkamuo wa tatu: ikiwa bado tamu na inateleza mdomoni, hukukamua vya kutosha.

Tui lenye rangi ya vumbi na uchungu kidogo linatokana na kukuna hadi gamba. Kwenye mbuzi ya kukunia nazi, simama unapoona ile ngozi ya kahawia inaanza kuchanganyika. Wanaosaga kwa mashine waimenye kwanza kwa kisu.

Nazi iliyooza ni habari tofauti na haina dawa. Vunja kila nazi peke yake, onja maji yake, nusa nyama yake. Uchachu, harufu ya sabuni, madoa ya manjano au waridi, utelezi: tupa. Usiseme moto utaondoa. Nazi moja mbovu kati ya tatu inatosha kuharibu pishi zima.

Maharage ya pembeni hayaivi

Umechemsha saa tatu, wali umepoa, maharage bado yanagonga meno. Ama ni ya zamani sana, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, ama maji yako ni magumu, yenye chokaa, kama ya visima vingi vya pwani, ama ulitia nyanya, ukwaju au tui kabla hayajalainika. Uchachu huyakaza maganda. Nyanya na tui ni vya mwisho, baada ya harage kupondeka kwa vidole viwili bila nguvu.

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa mengine. Kwa maharage sugu, magadi robo kijiko cha chai kwa nusu kilo husaidia. Ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni na maganda yanateleza, na vitamini B1 inapotea.

Tahadhari kwa wanaotumia jiko kapu, lile kapu linalohifadhi joto la sufuria bila moto, au sufuria za umeme za kupika polepole: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika, na joto dogo haliiondoi. Yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi kwanza, ndipo uyaweke kwenye kapu.

Kiporo kimechacha

Wali wa nazi huchacha mapema kuliko mweupe, na sufuria iliyofunikwa mezani hadi asubuhi ndiyo mazingira yake. Ukishika unateleza, unavuta nyuzi, au una harufu ya uchachu: mwaga. Lakini pua haitoshi. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukiwa vuguvugu, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupasha. Kupasha kwa nguvu asubuhi hakusahihishi usiku mzima wa mezani.

Kinachotarajiwa kuliwa kesho kitolewe mapema, kabla watu hawajaanza kula. Kitandaze kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita tano, kipoe, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake mafuta ya nazi yatakuwa yameganda na punje ngumu kama za wali mbichi. Usiongeze mafuta. Nyunyiza vijiko viwili vya maji kwa kila sahani, funika, moto mdogo, mpaka mvuke utoke katikati na si pembeni tu. Pasha kiasi cha kuliwa mara moja, kilichobaki usikirudishe tena.